Namna ya Kuandika Historia ya Shirika la Ndege za Mizigo Lililokwisha Kufungwa: Mwongozo kwa Watafiti wa Kisumu na Magharibi ya Kenya

Shirika la ndege za abiria likifa, huacha maelfu ya watu wenye tiketi za zamani, picha na masimulizi ya safari. Shirika la ndege za mizigo haliachi mashahidi wa namna hiyo, kwa kuwa sanduku la minofu ya samaki aina ya mbuta halisimulii lilikopita. Kinachobaki ni karatasi zilizotawanyika katika nchi tatu au nne, vyuma vilivyouzwa na kuuzwa tena, na kumbukumbu za wapakiaji, madereva wa malori, mawakala wa forodha na mainjinia ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote.

Eneo letu limehudumiwa na kampuni za aina hii kwa muda mrefu. Minofu iliyokatwa Kisumu ilipelekwa Nairobi kwa malori yenye barafu na kupaa kutoka huko hadi Ulaya, huku upande wa pili wa ziwa ndege zikishuka Entebbe na Mwanza kuchukua shehena ya namna hiyohiyo. Maua ya Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, huondoka nchini kwa njia hiyo, na tangu uwanja wa Eldoret ulipofunguliwa mwaka 1997, ndege zenye bidhaa kutoka Dubai zimekuwa zikitua huko. Kampuni nyingi zilizofanya kazi hiyo hazipo tena. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandika kwa uangalifu historia ya mojawapo, akiwa Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru, bila ofisi ya utafiti na bila fedha nyingi.

Anza na ndege, si na kampuni

Wengi wanaoanza kazi hii hutafuta kwanza mwanzilishi wa kampuni, mwaka wa kuanzishwa na makao makuu, kisha hukwama, kwa sababu habari hizo huwa chache na mara nyingi zimenakiliwa kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kuthibitishwa. Ninashauri njia nyingine. Kampuni inaweza kubadilisha jina, kuhamisha ofisi na kutoweka kimyakimya, lakini kila ndege hupewa na watengenezaji wake nambari ya kiwandani ambayo haibadiliki tangu siku inapokamilika hadi siku inapokatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Nambari ya usajili, ile inayoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, hubadilika kila ndege inapohamia nchi nyingine. Ukiipata nambari ya kiwandani, unaweza kuifuata ndege moja kupitia wamiliki watano au sita, na katikati ya orodha hiyo utaikuta kampuni unayoitafuta, pamoja na wakati ilipoipokea ndege na wakati ilipoiachilia. Wapenzi wa ndege wa nchi mbalimbali wamekusanya orodha za namna hiyo kwa miaka mingi, na nyingi zinasomeka bila malipo.

Jifunze kwanza kusoma usajili. Herufi 5Y ni za Kenya, 5X za Uganda, 5H za Tanzania, 5N za Nigeria, 9G za Ghana na ST za Sudan. Kabla ya uhuru, ndege za Kenya ziliandikwa VP-K na kufuatiwa na herufi mbili nyingine, kwa hiyo picha ya zamani ya Kisumu yenye ndege ya VP-K ni ya enzi ya ukoloni hata kama haina tarehe. Hata hivyo, usidhani kwamba nchi ya usajili ndiyo nchi ya kampuni. MK Airlines, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuacha kuruka mwaka 2010, ilisajili ndege zake nchini Ghana huku ofisi yake kuu ikiwa Uingereza.

Mfano bora ninaoujua wa ndege kuishi kuliko mwenyewe unatoka hapa kwetu. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na kumilikiwa baadaye na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilikuwa shirika la abiria, lakini ndege zake za Super VC10 zilikuwa na mlango mkubwa wa shehena upande wa mbele. Zilikuwa tano, na usajili wake uligawanywa kati ya nchi wanachama: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Ya kwanza iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Shirika liliposambaratika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudishwa kwa watengenezaji nchini Uingereza, zikanunuliwa na Jeshi la Anga la nchi hiyo na kugeuzwa kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, zikiwa na nambari za ZA147 hadi ZA150. Ile ya Kenya, 5Y-ADA, ikawa ZA148. Jeshi hilo lilistaafisha VC10 zake za mwisho mwaka 2013, miaka 36 baada ya shirika lililoziagiza kufa. Mtu anayeitafuta 5Y-ADA katika kumbukumbu za Nairobi peke yake atadhani ilipotea mwaka 1977.

Kwa ndege za Boeing za zamani kuna msaada mwingine ambao watafiti wengi hawautumii. Kampuni ya Boeing ilimpa kila mteja alama yake ya tarakimu au herufi mbili, na alama hiyo ikaingia katika jina la ndege na kubaki humo hata baada ya kuuzwa. Ukiona 707-351C, tarakimu 51 zinakuambia kwamba ndege hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Northwest ya Marekani. 44 ni ya South African Airways, 36 ni ya shirika la Uingereza lililokuwa likiitwa BOAC, na 49 ni ya Flying Tiger Line. Ndege nyingi za mizigo zilizoruka Afrika zilikuwa zimechakaa kwa abiria wa mabara mengine kabla ya kufika kwetu, na alama hii hukuonyesha mara moja pa kuanzia kutafuta maisha yake ya kwanza. Ndege za Douglas, kama DC-8 na DC-10, hazina alama ya namna hiyo, na kwake utategemea nambari ya kiwandani pekee.

Andaa daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila ndege. Juu andika nambari ya kiwandani, chini yake usajili wote uliowahi kubebwa, kila mmoja na tarehe zake, kisha matukio: kununuliwa, kukodishwa, kubadilishwa kutoka ndege ya abiria kuwa ya mizigo, kuegeshwa, kuanguka au kukatwakatwa. Tofautisha ununuzi na ukodishaji tangu mwanzo. Ndege yenye rangi za kampuni fulani inaweza kuwa ya benki au ya kampuni nyingine kabisa, na historia nyingi huharibika kwa kuhesabu ndege za kukodi kama mali.

Jizoeze kwa kampuni ambayo habari zake zinajulikana

Kabla ya kugusa kampuni ya kwetu, chukua mwezi mmoja kujizoeza kwa Flying Tiger Line ya Marekani, kwa sababu imeandikwa sana na utaweza kupima kazi yako. Ilianzishwa mwaka 1945 na Robert Prescott pamoja na marubani wenzake waliokuwa wamepigana nchini China katika kikosi cha wapiganaji wa kujitolea, na jina lake la kwanza lilikuwa National Skyway Freight Corporation. Ilianza na ndege za Budd Conestoga zilizokuwa masalio ya vita, na miongoni mwa shehena zake za awali kulikuwa na zabibu kutoka California kwenda Atlanta. Ilipewa njia ya kudumu ya kuvuka Marekani mwaka 1949, ikaimeza Seaboard World Airlines mwaka 1980, miaka miwili baada ya kifo cha Prescott, na yenyewe ikamezwa na Federal Express mwezi Agosti 1989. Jaribu kuandika kurasa mbili juu yake kwa njia ya ndege, kisha ulinganishe na zilizokwisha kuandikwa. Utaona mapema ni maswali gani unayasahau. Wengi husahau kuuliza ndege zilirudi na nini.

Jina moja linaweza kuficha kampuni mbili

Jina lililopakwa ubavuni mwa ndege ni la biashara tu. Nyuma yake kuna jina lililosajiliwa kama kampuni, cheti cha kuendesha ndege kinachotolewa na mamlaka ya nchi, na leseni ya huduma za anga inayoeleza ni wapi kampuni inaruhusiwa kuruka na kwa kazi gani. Vitu hivi vinaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti na hata katika nchi tofauti. DAS Air Cargo, iliyoanza mwaka 1983 na kuwa na kituo chake kikuu Entebbe, ni mfano ulio karibu nasi. Mwezi Oktoba 2006, Umoja wa Ulaya uliporekebisha orodha yake ya mashirika yaliyozuiwa, uliitaja DAS Air Cargo ya Kenya na Dairo Air Services ya Uganda kama mashirika mawili, ingawa kwa mpakiaji aliyesimama chini ya bawa ilikuwa kampuni moja. Shughuli zake zilikoma mwaka 2007. Atakayeandika historia hiyo bila kutenganisha vyeti hivyo viwili atachanganya ndege, tarehe na lawama.

Kwa kampuni zilizokuwa na leseni ya Kenya, chanzo ninachokithamini kuliko vyote ni Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu mwaka 1899. Humo hutangazwa maombi ya leseni za huduma za anga, na kila tangazo hutaja jina la mwombaji, aina ya huduma, kituo chake na mara nyingi aina za ndege alizokusudia kutumia. Ukisoma matangazo ya miaka kumi kwa mfuatano, utaiona kampuni ikizaliwa, ikiomba njia mpya, ikibadilisha kituo na hatimaye ikikosa kuonekana. Gazeti hilohilo hutangaza kampuni zinazofutwa kwenye rejista na zile zinazokabidhiwa wafilisi. Ni usomaji unaochosha, na hauna njia ya mkato ninayoweza kuipendekeza kwa dhamiri safi, kwa sababu majina huandikwa kwa namna mbalimbali na utafutaji wa kompyuta huyaruka.

Kumbuka pia kwamba mamlaka zenyewe zimebadilika. Kabla ya mwaka 1977 usimamizi wa anga ulikuwa kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye ukawa wa idara ya serikali, na KCAA ya leo, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, ilianza mwaka 2002. Nyaraka za zamani zitafute kwenye Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, kwa jina la chombo kilichokuwapo wakati huo, si kwa jina la sasa. Kwa kampuni iliyosajiliwa Uingereza, rejista ya makampuni ya huko hutoa hesabu na majina ya wakurugenzi bila malipo, na kwa kampuni kadhaa za mizigo zilizoruka Afrika hapo ndipo utakapopata hesabu pekee zilizobaki.

Fuata shehena

Ndege ya mizigo huenda inakoitwa na shehena, na anayeelewa biashara ya shehena ataelewa miaka ya neema na ya njaa ya kampuni. Kwa eneo la ziwa, samaki ndiye saa ya kupimia. Mapema mwaka 1998 Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ikazuia tena kwa hofu kwamba samaki walikuwa wakivuliwa kwa sumu. Katika vipindi hivyo ndege zilizozoea kujaza matumbo yake kwa minofu zilibaki kutafuta kazi nyingine, na kampuni yenye mkopo haikuweza kungoja. Ukiona pengo katika safari za ndege unayoifuata, angalia kwanza kama linaangukia kwenye marufuku hayo kabla ya kutafuta sababu iliyo mbali.

Sababu nyingine hutoka kwenye ndege zenyewe. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2002, Umoja wa Ulaya haukuruhusu tena ndege za kundi la zamani la kelele kutua katika viwanja vyake, na hivyo ndege za 707 na DC-8 ambazo hazikuwa zimefungwa injini mpya au vifaa vya kupunguza kelele zilipoteza soko lake kuu. Kampuni iliyoweza kununua DC-10 iliendelea. Isiyoweza ilibaki na safari za ndani ya Afrika na Mashariki ya Kati. Mwaka 2006 ikaanza ile orodha ya Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa kwa sababu za usalama, na mwaka 2008 bei ya mafuta ikapanda hadi kupita dola 140 kwa pipa. Ndege zenye injini tatu au nne za zamani hazikuweza kustahimili bei hiyo. Kwa maoni yangu, kampuni nyingi za kizazi hicho ziliuawa na mafuta kuliko zilivyouawa na wakaguzi, lakini kila kampuni ichunguzwe kwa hesabu zake.

Usisahau safari ya kurudi. Faida ya ndege ya mizigo hutegemea pande zote mbili, na Eldoret ni somo zuri: bidhaa za Dubai huingia kwa wingi, lakini shehena ya kutoka haijawahi kulingana nayo. Kwa kila njia ya kampuni yako, andika ilibeba nini ikienda na nini ikirudi.

Soma ripoti za ajali mpaka mwisho

Ripoti ya uchunguzi wa ajali huwa ndiyo maelezo kamili zaidi yaliyobaki kuhusu namna kampuni ilivyofanya kazi, kwa kuwa wachunguzi hufungua mafaili ambayo mwandishi wa kawaida hawezi kuyafikia. Tarehe 14 Oktoba 2004, ndege ya MK Airlines aina ya 747, yenye usajili wa 9G-MKJ, ilianguka Halifax, Kanada, ilipokuwa ikipaa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Ripoti ya Kanada inaeleza jinsi hesabu ya kupaa ilivyofanywa kwa uzito usio sahihi, lakini pia inaeleza kukua kwa kampuni, upungufu wa marubani, saa ndefu za kazi na mafunzo yaliyotolewa. Mwanahistoria anayesoma kurasa za sababu ya ajali tu huacha hazina nyuma yake. Vivyo hivyo kwa Flying Tiger: ajali ya tarehe 19 Februari 1989 karibu na Kuala Lumpur, ambapo marubani waliielewa vibaya amri ya kushuka, ilitokea katika miezi ambayo kampuni ilikuwa tayari imeuzwa na ikingoja kuunganishwa, na mambo hayo mawili yanastahili kusimuliwa pamoja bila kudai kwamba moja lilisababisha jingine.

Kwa ajali za ziwani kwetu, anza na ile ya tarehe 3 Februari 2000, ambapo ndege ya 707 ya Trans Arabian Air Transport ya Sudan, ST-APY, iliingia Ziwa Viktoria usiku ikijaribu kutua Mwanza kuchukua samaki. Wafanyakazi wake walinusurika. Wavuvi wa ufuo huo wana kumbukumbu zao, na kumbukumbu hizo zinastahili kuwekwa kando ya taarifa rasmi.

Watu waliozipakia

Hapa ndipo mtafiti wa Kisumu au Eldoret anapomshinda yule wa London, na hapa ndipo muda unapotuacha haraka. Orodha za ndege zitakuwapo mwaka ujao. Mzee aliyesukuma masanduku ya samaki mwaka 1992 huenda asiwepo.

Usitafute marubani kwanza. Watafute waliokuwa chini: wapakiaji, walinzi, madereva wa malori ya barafu, makarani wa viwanda vya samaki, mawakala wa forodha, wapishi waliouzia wafanyakazi chakula. Mjini Kisumu, usiwasahau akina mama wa Obunga wanaokaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuondolewa kwa ajili ya soko la nje. Biashara yao ilifuata ya viwanda, na viwanda vilifuata ndege na masoko yake. Siku mgongo wazi ulipoadimika, ilikuwa ishara kwamba minofu haikuondoka, na mama aliyelisha watoto kwa biashara hiyo anakumbuka msimu huo vizuri kuliko karani yeyote.

Nenda kwa heshima. Muite Mzee au Mama, au kwa jina la mtoto wake wa kwanza ikiwa ndiyo desturi ya nyumba hiyo, jieleze wewe ni wa nani na kazi hii ni ya nini, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Zungumza kwa lugha anayoipenda, iwe Dholuo, Kiluhya, Kikalenjin au Kiswahili, na utafsiri baadaye. Usiulize mwaka. Watu hawahifadhi miaka, wanahifadhi matukio. Uliza hivi: "Mzee, kazi ile uliianza kabla ya samaki kufungiwa Ulaya au baada yake?" "Uwanja wa Eldoret ulikuwa umefunguliwa?" "Mtoto wako wa pili alikuwa amezaliwa?" Kwa maswali matatu ya namna hiyo utapata mwaka mmoja au miwili ya uhakika.

Kisha pima ulichoambiwa kwa vitu visivyobishana. Ndege ya 707 ya mizigo hubeba tani 40 hivi, DC-10 hubeba kama tani 65, na 747 hubeba tani 100 na zaidi. Ukiambiwa kwamba 707 iliondoka na tani 80, huenda msimulizi ameunganisha safari mbili, na ni vyema umuulize tena kwa upole badala ya kumfuta. Njia ya kurukia ndege ya Kisumu ilikuwa na urefu wa kilomita 2 hivi kabla ya kupanuliwa hadi kilomita 3.3 na kufunguliwa upya mwaka 2012. Simulizi la DC-10 iliyojaa shehena kupaa kutoka Kisumu miaka ya 1990 kwa hiyo linahitaji ushahidi mzito, na mara nyingi itabainika kwamba ndege hiyo ilikuwa Entebbe, Mwanza au Nairobi na msimulizi alifika huko na lori.

Ombeni pia karatasi, wewe na yeyote unayefuatana naye. Mawakala wa zamani huweka hati za shehena ya ndege, zile wanazoziita kwa kifupi AWB, katika maboksi ambayo wake na watoto wao wanataka kuyachoma. Hati hiyo ina nambari ya tarakimu 11. Tatu za kwanza ni alama ya shirika, kwa mfano 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian na 172 ni Cargolux. Saba zinazofuata ni za hati yenyewe, na ya mwisho ni ya ukaguzi: ni baki linalopatikana ukigawanya zile saba kwa 7. Chukua 1234567, ukigawanya kwa 7 baki ni 5, kwa hiyo nambari kamili huishia na 12345675. Njia hii itakusaidia kusoma nambari iliyofifia na kugundua iliyonakiliwa vibaya. Piga picha pande zote mbili za hati, na uirudishe kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Utasikia uvumi. Karibu kila kampuni ya mizigo iliyoruka katika eneo la Maziwa Makuu imewahi kusemwa kwamba ilibeba silaha au madini, na baadhi ya madai hayo yamechunguzwa kwa kina na wataalamu wa Umoja wa Mataifa katika ripoti zao kuhusu Kongo zilizoanza kutolewa mwaka 2001. Kama dai liko kwenye ripoti ya namna hiyo, lieleze kwa maneno ya ripoti na utaje pia jibu la kampuni ikiwa lilitolewa. Kama liko mdomoni mwa mtu mmoja tu, libaki kwenye daftari. Anayesimulia anaishi jirani na anaowasema, na wewe utakuwa umeondoka.

Kuandika, na tarehe ya kufa

Kampuni hufa mara tatu: ndege yake ya mwisho inapotua, leseni yake inapokwisha, na jina lake linapofutwa kwenye rejista. Kati ya tarehe hizo miaka kadhaa inaweza kupita. Taja zote unazoziweza kuzithibitisha, na useme wazi ni ipi unayoitumia unapoandika kwamba kampuni ilifungwa. Wilson Airways, iliyoanzishwa na Florence Kerr Wilson jijini Nairobi mwaka 1929, na ambayo mwaka 1931 ilianza kupokea Kisumu barua zilizoletwa na Imperial Airways kutoka London na kuzifikisha Nairobi, iliacha kuruka kwa sababu serikali ilichukua ndege zake na marubani wake vita vilipoanza mwaka 1939. Hiyo si kufilisika, na anayeiweka katika orodha moja na kampuni zilizoshindwa na madeni anamdhulumu mwanamke aliyeijenga.

Panga maandishi yako kwa vipindi vya ndege, kwa kuwa kuja kwa ndege ya aina mpya ndiko kulikobadilisha njia, shehena na idadi ya wafanyakazi. Ndani ya kila kipindi changanya karatasi na sauti za watu. Usiwatenge wapakiaji katika sura yao ya mwisho kana kwamba walikuwa pambo. Pale karatasi na simulizi zinapopingana, weka zote mbili mbele ya msomaji na ueleze kwa nini unaegemea upande mmoja.

Rasimu ikikamilika, rudi kwa kila uliyemhoji na umsomee sehemu inayomhusu kwa lugha aliyoisimulia, na uondoe jina lake akitaka. Peleka nakala moja Makavazi ya Kitaifa na nyingine kwenye maktaba ya umma ya Kisumu, pamoja na picha na sauti ulizokusanya. Nyuma ya kila picha iliyochapishwa andika kwa penseli usajili wa ndege, mahali, mwaka ulioukadiria na namna ulivyoukadiria, ili atakayepata nambari ya kiwandani ambayo wewe hukuipata aweze kuendelea kutoka hapo.